Jiwe Lililosuguliwa na Barafu

Jiwe lilifika nyumbani kwetu Jumamosi moja ya msimu wa mvua, limefungwa kwenye kitenge na kubebwa kifuani kama mtoto mchanga. Aliyelileta alikuwa mwanamke kijana mwenye buti zilizojaa udongo mwekundu, msaidizi wa mwalimu wa jiolojia pale chuo kikuu. Alisimama mlangoni, maji yakimdondoka kwenye ncha za nywele, akauliza kama hapa ndipo kwa mzee anayesugua malakiti.

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi. Swali hilo lilikuwa halijaulizwa kwa karibu mwaka mzima, na katika mwaka huo tulikuwa tumejifunza kulikwepa, kama watu wanavyokwepa shimo katikati ya ua wao wenyewe.

Baba alisugua malakiti, yale mawe ya kijani ya migodi ya shaba, tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko, na humo alikuwa na gurudumu moja, beseni la maji na misasa ya kila aina, kuanzia ile mikavu inayokwaruza hata macho hadi ile laini kama ulimi wa paka. Mawe yaliingia pale yakiwa na magamba ya udongo, yakatoka yakiwa mayai, tembo wadogo na visanduku vya kuwekea pete, na ndani ya kila kimoja mawimbi ya kijani yamelala tulii. Jioni baba alirudi nyumbani nyusi zake zikiwa za kijani. Nikiwa mdogo nilidhani baba wote hurudi na rangi ya kazi zao. Alama za vidole vyake zilikuwa zimefutika kabisa. Siku alipokwenda kuandikishwa kupiga kura, mashine ilikataa kumsoma, mara moja, mara mbili, na yeye akacheka mpaka karani naye akacheka.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilimwomba anifundishe. Alisema hapana. Mwaka uliofuata nikaomba tena.

"Hii kazi haiko yako," alinijibu bila kuinua macho. "Weye utasoma."

Nikasoma. Nikawa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya wasichana, na kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba alininyima kazi yake kwa sababu sikuzaliwa mwanamume. Sikumuuliza. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilikaa ndani yangu kama kokoto ndani ya kiatu cha mtu aliye safarini, ambaye kila mara anasema atasimama mbele kidogo aitoe.

Kisha kikaja kikohozi. Daktari alipiga picha ya mapafu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema vumbi limejenga nyumba humo ndani. Mzee aache kazi. Baba aliacha siku hiyo hiyo bila kubishana, na kule kutobishana ndiko kulikotutia hofu. Akauza gurudumu. Akakaa barazani kwenye kiti cha kamba, mikono juu ya magoti, akitazama jakaranda ya jirani ikichanua na kupukutika. Mtu aliyekuwa na hadithi ya kila jiwe sasa aliitikia salamu tu, akanyamaza.

Mgeni alipokwisha kukaribishwa kiti na kupewa chai, alifungua kitenge.

"Papa," alisema, "nimezunguka ma-atelier yote ya kusugua majiwe mugini. Bote banakatala. Banasema hii haiko malakiti, itaharibu mashini yabo. Nilitaka unikatie tu katikati, usafishe upande moya, juu banafunzi bangu baone mu ndani iko namna gani."

"Dokta alimukataza," mama alisema. "Ile kazi ilikwisha."

Lakini baba alikuwa tayari amenyoosha mikono yote miwili. Jiwe lilikuwa na ukubwa wa mkate, la kijivu kilichokolea, na umbo lake lilikuwa la ajabu: chini bapa, mbele limechongoka, kama pasi ya makaa. Alilipeleka mlangoni penye mwanga, akalowesha kidole gumba kwa mate, akapitisha. Pale palipolowa ikatokea mistari. Ilikuwa myembamba, imenyooka, mingi, imelala sambamba kama iliyochorwa kwa kitana. Baba aligeuza jiwe, akalowesha tena. Alikaa hivyo muda mrefu hata chai ya mgeni ikapoa. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu auze gurudumu:

"Ni nani aliisugua kwanza, mbele yangu?"

Mgeni alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ni barafu, papa."

"Barafu gani?"

"Ile ya zamani sana. Mbele ya miti, mbele ya nyama ya pori, mbele ya bantu. Hii inchi yetu ilikuwa chini ya barafu, nene sawa mulima. Ilikuwa inatembea, mpolempole, na inavuta majiwe chini yake."

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na mama akanyanyuka na kikombe cha maji. Alipotulia alisema, "Mutoto yangu, barafu iko laini. Ukiitia mu kinywa, inaisha. Itakwaruza jiwe namna gani?"

Mimi nilikuwa pale, mwalimu wa jiografia. Kila mwaka nilifundisha somo la mito ya barafu. Nilichora ubaoni milima ya Ulaya kwa chaki ya buluu, wasichana wakanakili, tukafuta, tukaenda kwenye somo la volkano. Haikuwahi kunijia kwamba kitu kile kiliwahi kupita juu ya udongo niliokanyaga kila asubuhi. Nilianza kumjibu baba kwa sentensi ya kitabu.

Naye alikuwa ameshatupita. Alitazama jiwe, akatazama kiganja chake.

"Kitambaa pia iko laini," alisema polepole.

"Unasema nini, baba?" nilimuuliza.

"Kazi ya mwisho ya malakiti tunafanya na kitambaa yenye kulowa. Kitambaa haikate kitu. Ni ule unga tunatia juu yake njo unakata. Kitambaa inaushika tu, inausukuma." Aligonga jiwe kwa kucha. "Barafu haikukata hii jiwe. Barafu ilishika muchanga."

Mgeni aliweka kikombe chini. "Papa," alisema, "ile miye nilisoma miaka mingi mu chuo mbele ya kuisema vizuri sawa vile umeisema."

Sijui kama baba alimsikia. Alikuwa ameanza kusema kuwa jiwe hili hatalikata. Ukilikata, alisema, mistari itakufa, na aliyeichora hatarudi kuichora tena. Kama wanafunzi wanataka kuona ndani, basi yeye mwenyewe apelekwe kule jiwe lilikotoka, penye mengi ya namna hiyo, naye atasafisha sehemu moja pale pale, kwa mkono, kwa maji. Mgeni alieleza kuwa mahali penyewe pako upande wa Lukafu, na kwamba njia imeoza kwa mvua. Ingebidi kungoja kiangazi.

"Nitangoja," baba alisema. "Hii uniachie."

Akaliacha.

Tangu siku hiyo, kila alasiri niliporudi kutoka shuleni nilimkuta barazani na jiwe mapajani na kopo la maji pembeni. Alilisoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

"Mama, kuya uone," aliniita. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Hapa ilikuwa imeshikwa nguvu, ikasuguliwa upande moya. Kisha ikageuka. Unaona hii mistari inapita juu ya ile ingine? Iligeuka mu mukono ya fundi."

Nilianza kumletea vitabu vya shule vya Kifaransa na kumtafsiria. Nilimsomea jinsi maji yanavyoingia kwenye nyufa za mwamba, yakaganda, yakavimba na kuupasua, na jinsi barafu inavyong'oa vipande na kuondoka navyo. Nilimsomea kuhusu mawe yanayoporomoka kutoka kwenye miteremko na kuangukia mgongoni mwa barafu. Hayo husafiri mbali yakiwa yamepanda tu, yakafika na pembe zao kali kama siku yalipovunjika. Yaliyonaswa chini, kati ya barafu na mwamba, husugua na kusuguliwa, yakapoteza pembe, yakawa bapa upande mmoja kisha upande mwingine.

"Soma tena ile fasi," baba alisema.

Nikasoma tena.

"Na ule unga wenye kutoka, unaenda wapi?"

Nikafunua kurasa, nikapata. Kitabu kilisema unga huo ni laini kiasi kwamba haukubali kuzama, na vijito vinavyotoka chini ya barafu huwa vyeupe kama maziwa. Baba alifumba macho. Alisema maji ya beseni lake jioni yalikuwa hivyo hivyo, maziwa ya kijani, na hata ukiyaacha mpaka kesho yake bado hayajatakata.

Ilikuwa miezi ya ajabu. Mvua ilinyesha kila alasiri kwa saa ile ile, mabati yakavuma, na mimi nilijilaza kwenye mkeka ndani ya chumba cha mbele nikisikia baba akikohoa na kuguna barazani. Kati ya usingizi na kuwa macho niliona barafu ikiufunika mji. Ilikuja kutoka upande ambao sikuujua, bila haraka, buluu kwa ndani, ikapanda juu ya jakaranda na juu ya paa la kituo cha treni. Ikafunika bomba refu la kiwanda na ule mlima mweusi wa takataka za shaba. Ikafunika reli inayokwenda Sakania na foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, na madereva wakalala ndani ya malori yao bila hofu, kama samaki chini ya maji yaliyotulia. Huko juu kulikuwa na ukimya mtupu. Huko chini kabisa, ambako mwanga haukufika, jiwe lilikuwa likitembea juu ya jiwe.

Siku moja nilimuuliza baba anadhani mlio huo ulikuwaje.

"Sawa muntu mwenye kusaga meno mu usingizi," alisema.

Kisha akataka kuona mwenyewe. Mama ana friji kubwa la kugandisha, ambamo hutengeneza juisi za vifuko kwa ajili ya watoto wanaotoka shule. Baba alimwendea na mabeseni mawili, moja la maji matupu na jingine la kokoto za barabarani, mchanga na maji.

"Majiwe mu frigo yangu?" mama aliuliza.

"Siku tatu tu."

"Bantu banakunywa bintu yenye kutoka mule, we mwanaume!"

Lakini niliona jinsi alivyomtazama. Mume wake alikuwa hajamwomba kitu chochote kwa mwaka mzima. Akasogeza vifuko vyake, akampa kona moja.

Siku ya nne baba alitoa mapande mawili ya barafu: moja la maji matupu na jingine lenye mchanga na kokoto ndani yake. Aliyafunga kwa gunia yasimwunguze mikono. Juu ya kizingiti cha mlango aliweka kipande cha malakiti, cha mwisho alichobaki nacho, kilichosuguliwa hadi kikawa kama kioo. Kwanza akapitisha barafu tupu, mbele na nyuma, mara nyingi. Alipofuta maji, kioo kilikuwa kile kile. Kisha akachukua ile nyingine, akaegemeza uzito wake, akasukuma mara moja. Ulisikika mlio uliofanya meno yaume. Alipofuta, palikuwa na mistari, myembamba, imenyooka, imelala sambamba.

"Mama ya batoto!" aliita.

Mama alitoka jikoni na unga wa bukari, ugali wa kwetu, mikononi. Akainama, akapitisha kidole juu ya ile mistari, akakaa ameinama.

"Kumbe," alisema.

Baba aligandisha pande lingine, lakini hilo halikufika mwisho. Umeme ulikatika siku mbili nzima. Juisi zote za mama ziliyeyuka, akazigawa kwa watoto wa mtaa huku akilaani waya, nguzo na kila aliyewahi kuzigusa. Alipotaka kumwaga beseni la baba, baba alimzuia. Alilipeleka mwangani, akaliinamisha taratibu mpaka maji yakatoka. Chini lilibaki lundo dogo: kokoto kubwa juu ya tope, tope juu ya mchanga, mchanga kati ya kokoto, kila kitu kimelala pale kilipoangukia.

"Angalia," aliniambia. "Muto inatenga. Majiwe inaacha fasi moya, muchanga fasi ingine, matope inaenda nayo mbali. Barafu haijue kutenga. Inabeba yote pamoja, na ikikufa, inaacha yote pale."

Jioni hiyo alizungumza mezani. Alizungumza juu ya mito, juu ya mchanga wa kila mto alioujua, juu ya fundi wake wa zamani ambaye aliweza kujua msasa kwa kuusikiliza. Mimi na mama tulikula polepole sana, tonge baada ya tonge, ili asiwe na sababu ya kunyamaza.

Kiangazi kilipokuja, yule mwanajiolojia alirudi kama alivyoahidi, akiwa na gari la kazi lenye magurudumu makubwa. Ilikuwa asubuhi ya Julai, na baridi ya Julai kwetu huuma mpaka mifupani. Baba alivaa koti zito. Katika mfuko wake kulikuwa na misasa, vitambaa na chupa za maji. Mama hakutaka kuja, lakini alimfunga baba shali puani na mdomoni kama mtoto anayepelekwa shule, akatupa viazi vitamu vya kuchemsha na karanga.

Tulikwenda kupitia moshi wa majani yaliyochomwa. Baiskeli zilizobebeshwa makaa zilikuja mbele yetu moja baada ya nyingine, zikitokea ndani ya ukungu na kupotelea ndani ya vumbi letu. Baba hakulala. Alitazama kila mwamba uliochomoza kando ya njia kama mtu anayetafuta uso anaoujua katika umati. Baadaye tuliiacha barabara, tukatembea kwa miguu kwenye nyasi zilizofika kiunoni, tukasimama kila alipohitaji kupumua, mpaka tukashuka kwenye kijito ambacho kiangazi kilikuwa kimekifanya uzi.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na ukuta wa mwamba wa kijivu, mrefu kuliko mtu. Mwanzoni niliona giza tu. Macho yalipozoea kivuli, mawe yakaanza kujitokeza ndani ya mwamba: la duara, lenye pembe, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, dogo kama punje ya mahindi, jeupe, jeusi, lenye kutu. Yote yalikuwa yamezamishwa katika tope lililogeuka jiwe, hakuna lililopangwa, kama wali uliopikwa na mtu aliyetia kila alichokikuta jikoni.

"Ni beseni yangu," baba alisema.

Mwanajiolojia alimwonyesha jiwe moja la rangi ya waridi lenye vimeremeta. Alisema ni matale, yaani graniti, na kwamba huku jirani hakuna mwamba wa namna hiyo. Lililetwa.

"Ilitoka wapi?" baba aliuliza.

"Hatujue, papa. Tungali tunatafuta."

Baba aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alikuwa mtu aliyependa kuambiwa "hatujui" na wale walio na haki ya kujua.

Alichagua sehemu yenye ukubwa wa viganja viwili, penye mawe ya rangi nyingi yaliyokaribiana. Akapiga magoti juu ya koti lake. Akalowesha mwamba, akalowesha msasa mkali, akaanza. Mwanajiolojia alimimina maji kidogokidogo kutoka juu, na maji yaliteremka yakiwa ya kijivu, mazito, yakaingia kijitoni na kukipaka rangi ya maziwa hadi kwenye kona. Hakuna vumbi lililoruka. Nilisikia ule mlio wa zamani, shaa, shaa, niliokua nao, ambao sikuwa nimetambua kuwa umetoweka duniani mpaka uliporudi.

Baada ya msasa wa pili, pumzi ilimwishia. Aliegemea mwamba kwa paji la uso, mabega yakipanda na kushuka. Nilimshika.

"Tuache, baba. Inatosha."

"Hapana." Alingoja mpaka sauti ikarudi. Kisha akanikabidhi msasa. "Mama, shika."

Nilishika. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayeogopa kushindwa, na msasa ukaruka. Baba aliweka mkono wake juu ya wangu. Ule mkono usio na alama ulikuwa laini kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumshika.

"Pasipo hasira," alisema. "Acha uzito ifanye. Weye unaongoza tu. Uko na siku yote."

Tukasugua pamoja. Baada ya muda alitoa mkono wake, nami sikugundua ni lini.

"Ulizania nilikukatalia juu uko mwanamuke," alisema nyuma yangu.

Sikusimama. Niliogopa kwamba nikisimama atanyamaza. "Ndiyo, baba."

"Minajua. Niliona mu macho yako. Yaya yangu, dada yangu mukubwa, alikuwa anafanya hii kazi. Njo alinifundisha. Alikufa na hii hii kikohozi, weye ulikuwa ungali mutoto mudogo. Miye nilikuwa nasha kuwa na bukubwa, sikujua kazi ingine. Lakini weye, ningekutiaje mu ile vumbi?"

"Ungeniambia."

"Ee," alisema. "Ningekuambia."

Mwanajiolojia aliendelea kumimina maji, uso wake ameugeuzia pembeni, kama watu wenye adabu wanavyofanya. Macho yangu yalijaa, mwamba ukawa ukungu, lakini mikono haikuhitaji macho. Nilibadilisha msasa. Nikabadilisha tena. Baba aliita kila hatua kwa kusikiliza: sasa maji zaidi, sasa polepole, sasa kitambaa. Jua lilipokuwa utosini aliniambia niache. Alitawadha kwa maji ya kijito, akatandika shali la mama juu ya nyasi, akaswali adhuhuri, na mimi nikaswali nyuma yake.

Kisha akamwaga chupa ya mwisho juu ya kazi yetu.

Palikuwa kama dirisha lililofunguliwa katika ukuta wa gereza. Ndani ya kijivu kilichokuwa sasa cheusi na chenye kina, yale mawe yalielea, kila moja na rangi yake kamili, la waridi, la kijani hafifu, jeupe lenye mshipa mwekundu, na kati yao vumbi la mawe mengine yaliyosagwa mpaka hayana jina tena. Yalionekana kama bado yanasafiri. Mwanajiolojia aliweka kiganja chake hapo, akakiondoa, akakiweka tena. Alisema atawaleta wanafunzi wake wote. Baba alimwambia awaambie waje na maji, kwa sababu jiwe kavu halisemi kitu.

Njiani kurudi alikula viazi vyote vya mama, akalala.

Mapafu yake hayakupona. Daktari alikwisha kutuambia kuwa hayaponi. Lakini aliacha kukaa kwenye kiti cha kamba kama mtu anayengoja kuitwa. Jiwe la kwanza lilirudi chuoni, halikukatwa. Baba sasa ana beseni uani, na siku za Jumapili mimi na yeye husugua vipande vidogo kwa mkono, ndani ya maji. Mimi ni mwanafunzi mbaya kiasi. Ninaharakisha mwishoni.

Mwaka wa shule ulipoanza, nilipofika kwenye somo la mito ya barafu nilimwomba aje. Mkuu wa shule, mama mmoja anayependa kila kitu kiwe na karatasi, aliniuliza mgeni huyo ana shahada gani. Nilimwambia hana hata cheti cha shule ya msingi. Akasema basi atakuja kukaa nyuma asikilize mwenyewe.

Baba alikuja na kanzu nyeupe na viatu vilivyopakwa rangi. Hakuja na kitu chochote mkononi. Aliwaambia wasichana watoke uani, kila mmoja aokote jiwe moja, arudi alishike na alinyamazie. Walitoka wakicheka, wakarudi wakiwa wamenyamaza. Kisha akaenda dawati kwa dawati. Alichukua kila jiwe, akaligeuza, akamwambia mwenye nalo kilicholipata: hili lilivunjika juzi, hili limekaa mtoni, hili liligongwa na nyundo ya muntu. Na pale alipokuwa hajui, alisema hajui.

Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuwaeleza juu ya barafu wakati mvua ya kwanza ya msimu ilipopiga mabati. Alijaribu kupandisha sauti, pumzi ikakataa. Nilikuwa nyuma, kando ya mkuu wa shule, nikapiga hatua kwenda kumsaidia.

Mkuu wa shule alinishika mkono. Wasichana walikuwa wameshasimama. Waliacha madawati, wakamsogelea, safu baada ya safu, wakachuchumaa kumzunguka, mpaka mimi sikumwona tena. Niliona migongo ya mashati meupe tu na vichwa vilivyoinama, na katikati yao, chini ya kishindo cha mvua, sauti ndogo iliyokuwa ikiendelea.

"Sasa, batoto yangu, sikilizeni. Barafu iko laini..."